Kusafisha au Kurudisha? Istilahi ya Programu Iliyokatizwa na Hitilafu

Programu ya kompyuta ifanyapo kazi huazima vitu kutoka mfumo endeshi: hufungua faili, hutwaa sehemu ya kumbukumbu, hushika kufuli ili programu nyingine isibadilishe data zile zile. Vitu hivi huitwa rasilimali, na kila kilichoazimwa sharti kirudishwe.

Tatizo huzuka hitilafu inapotokea katikati ya kazi. Maagizo yaliyosalia hurukwa, na agizo la kurudisha, ambalo kwa kawaida huandikwa mwishoni, hurukwa pia. Faili hubaki wazi, na huenda maandishi yaliyokuwa yakingoja kuhifadhiwa yasifike diskini. Kufuli lisiloachiliwa huwangojesha wengine pasipo kikomo.

Lugha za programu zina njia mbili za kukabili jambo hili. Ya kwanza ni kuweka fungu la maagizo litakalotekelezwa kwa vyovyote vile, kazi iishe salama au ivunjike. Java ilikuwa na fungu hilo tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1996. Ya pili ni kuifunga rasilimali na eneo inamotumika: utekelezaji ukitoka katika eneo hilo, kwa heri au kwa shari, rasilimali hurudishwa bila kuamriwa tena. Hii ndiyo desturi ya C++. Python iliweka utaratibu wa namna hiyo katika toleo la 2.5 mwaka 2006, na Java katika toleo la 7 mwaka 2011.

Je, kazi hii tuiiteje? Anayefasiri Kiingereza neno kwa neno atasema "kusafisha". Neno hilo lapotosha. Kusafisha ni kuondoa uchafu, ilhali rasilimali si uchafu bali ni mali ya wote. Isitoshe, mwanafunzi akiambiwa "safisha faili" aweza kufuta yaliyomo, naye akadhani ametii. "Kurejesha" nako kumekwisha kutumika kwa data zilizopotea.

Kwa hiyo tunapendekeza "kurudisha rasilimali", nomino yake ikiwa "urudishaji". Na lile fungu lisilokwepeka liitwe "fungu la hatima". Istilahi hizi humkumbusha mwandishi wa programu kwamba ana deni. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Programu njema hulipa hata siku ya matanga.

Maoni ya wasomaji yanakaribishwa.