Kiorodheshi: Amri ya Kurudia Isiyopewa Fungu la Maagizo

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wafasiri wa vitabu vya kompyuta ni jina la kitu kinachopatikana pale amri ya kurudia inapotolewa bila fungu la maagizo. Tutakieleza kwa mfano wa Ruby, lugha ya programu iliyobuniwa na Yukihiro Matsumoto wa Japani na kutolewa kwa umma mwaka 1995.

Katika lugha hiyo, amri iitwayo each huipitia orodha na kutekeleza, kwa kila kilichomo, maagizo ya fungu lililoambatanishwa nayo. Ni kama karani aliyeambiwa: "Waite watu hawa mmoja mmoja, na kila mmoja umgongee muhuri."

Je, karani akipewa daftari la majina tu, asiambiwe la kufanya? Kusema kwamba amri hapo "haifanyi kazi" ni kumpotosha mwanafunzi. Tangu toleo la 1.8.7 la mwaka 2008, each isiyo na fungu hurudisha kitu kinachokumbuka ni orodha ipi ipitiwe na kwa amri ipi. Ikiwa orodha ina 3, 5 na 7, kitu hicho kikipewa amri ya next hutoa 3, kikipewa tena, 5, kisha 7. Vikiisha, hutoa taarifa ya StopIteration. Huyu ni karani aliyesimama mlangoni na daftari lake, akingoja kuambiwa, "Mwite anayefuata."

Kitu hiki hakifai kuitwa orodha, kwani orodha ni vitu vyenyewe, ilhali hiki ni chombo cha kuvitoa kimoja kimoja. Tunapendekeza kiorodheshi, kutokana na kitenzi orodhesha, kama vile kiunganishi kilivyotokana na unganisha.

Hata hivyo, wafasiri wasilifanye jambo hili kuwa kanuni ya amri zote. Amri ya count isiyo na fungu huhesabu vitu vyote na kurudisha idadi yake. Nayo amri aliyojitungia mwandishi wa programu, ikidai fungu lisilokuwapo, hukatizwa kwa kosa la LocalJumpError. Kwa hiyo, "isiyo na fungu" si sawa na "yenye kosa", wala si kila mara huleta kiorodheshi. Mfasiri hana budi kuichunguza kwanza amri yenyewe, ndipo achague neno.

Walimu na wafasiri wenye istilahi iliyo bora zaidi wanakaribishwa kuileta ijadiliwe.