Inveta ya Sola Inapokufa Kabla ya Muda: Sababu na Namna ya Kudai Dhamana

Kaya, maduka na zahanati nyingi zilizo mbali na gridi hutegemea inveta, kifaa kinachobadili umeme wa mkondo mnyoofu kutoka kwenye betri au paneli za sola kuwa mkondo geu wa volti 230. Kifaa hicho kinapozimika katika mwaka wa pili, ilhali dhamana yake ni ya miaka mitano, hasara haiishii kwenye bei ya ununuzi. Kwa zahanati, maana yake ni wodi ya wazazi kubaki gizani.

Lawama hutupiwa radi au fundi aliyefunga mfumo. Sababu hizo zipo, lakini mara nyingi kinachotangulia kuchoka ni kapasita, vikopo vidogo vya alumini vinavyotuliza mawimbi ya umeme ndani ya inveta. Kimiminika kilichomo hukauka taratibu, na joto ndilo huharakisha ukaukaji huo. Kwa makadirio ya wahandisi, kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka hupunguza uhai wa kapasita kwa nusu. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi joto 105 inaweza kufikisha saa 64,000, yaani zaidi ya miaka 7 ya kazi mfululizo, iwapo joto lake ni nyuzi 55. Likifika nyuzi 75, muda huo hushuka hadi saa 16,000, ambazo hazifiki miaka 2.

Tofauti hiyo ya nyuzi 20 inaweza kuletwa na stoo yenye paa la bati lisilo na dari, au feni iliyozibwa na vumbi. Mtengenezaji akithibitisha hali hiyo, anaweza kukataa dai. Iwapo inveta ilifungwa kwa kufuata kijitabu cha maelekezo na bado kapasita imevimba, hoja ya mteja ina nguvu.

Tatizo ni kwamba wengi hufungua kifaa kwanza na kuuliza baadaye. Lakiri ikishakatwa, dhamana nyingi hukoma papo hapo. Kuna hatari pia: kapasita hubaki na chaji hata baada ya inveta kuzimwa, na volti zake zinaweza kuua. Kuhusu kipuri cha mtaani, kapasita ya nyuzi joto 85 ikiwekwa palipokuwa na ya 105 huwasha taa siku hiyohiyo, lakini kwa saa zilezile zilizoandikwa, uhai wake ni robo tu.

Barua ya kwanza kwa muuzaji na mtengenezaji itaje modeli, namba ya utambulisho iliyo kwenye kibandiko, tarehe ya kununua, ujumbe wa hitilafu ulioonekana kwenye kioo, volti za betri wakati huo na vifaa vilivyokuwa vimewashwa. Iambatishwe nakala ya risiti ya kielektroniki na picha za mahali inveta ilipofungwa. Bila taarifa hizo, majibu ya kwanza huwa ni kuziomba, na wiki kadhaa hupotea. Majibu ya simu yaombwe pia kwa maandishi.

Muuzaji akikaa kimya au akikataa bila kutoa sababu, mlaji anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, akiambatisha mawasiliano hayo yote.