Pikipiki na Baridi ya Asubuhi

Shikeni karatasi zenu, tusome pamoja.

Juni na Julai ni miezi ya baridi hapa Arusha. Mtu wa Ngaramtoni anataka kupeleka maziwa mjini alfajiri. Anapiga kiki mara kumi; pikipiki haiwaki. Maziwa hayangoji. Kwa nini haiwaki?

Kabureta huchanganya hewa na petroli. Penye baridi, petroli haigeuki mvuke upesi. Hubaki matone, na matone hayashiki moto vizuri. Kwa hiyo injini baridi yataka petroli zaidi. Kazi hiyo ni ya choki.

Fanyeni hivi. Vuteni choki. Pigeni kiki. Injini ikipata joto, rudisheni choki. Mkiisahau, plagi itajaa masizi na petroli itapotea bure.

Je, tufungue skrubu ya kabureta? Msifanye haraka. Mji wa Arusha uko juu ya bahari kiasi cha mita 1,400, na hewa ya huku ni nyepesi. Petroli ikizidishwa kwa ajili ya asubuhi, mchana injini itatoa moshi mweusi. Fundi akiigusa skrubu, aizungushe robo tu, kisha asikilize.

Neno la mwisho ni kubwa. Msiwashe pikipiki ndani ya nyumba kwa kukimbia baridi. Moshi wake una sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Maswali: Choki hufanya kazi gani? Kwa nini tunawashia pikipiki nje?