Hakuna Mtu wa Erasmus

Kila msimu wa maombi ukikaribia, swali hunijia likitanguliwa na shikamoo: "Mwalimu, unamfahamu mtu wa Erasmus? Nimepata mmoja, anataka nitangulize laki tano, nyingine nimalizie majibu yakitoka." Nimelijibu kwa upole, nimelijibu kwa ukali, na bado linarudi. Leo nalijibu kwa maandishi, ili atakayeuliza tena apewe ukurasa huu asome mwenyewe.

Mtu huyo hayupo. Hayupo Dar es Salaam, hayupo Nairobi, na Brussels kwenyewe hayupo. Wala usidhani nasema hivi kwa kuwasifu Wazungu kwa uadilifu. Utaratibu wenyewe haukumwachia pa kukaa.

Tazama uamuzi unafanyika wapi. Umoja wa Ulaya ulianzisha Erasmus Mundus, ufadhili wa uzamili unaosomwa kwa kuhama kati ya vyuo vya nchi tofauti, mwaka 2004, lakini hauchagui mwanafunzi hata mmoja. Taasisi yake ya Brussels, EACEA, inatoa fedha kwa muungano wa vyuo, basi. Muungano huo lazima uwe na vyuo visivyopungua vitatu kutoka nchi tatu tofauti, na wenyewe ndio unaopokea maombi, kuyapa alama na kupanga majina. Chukua uzamili wa maji ya chini ya ardhi unaoitwa GroundwatCh, uliobuniwa na vyuo vya Lisbon, Delft na Dresden. Katika kozi ya namna hiyo, maombi hupimwa kwa vigezo vilivyokubaliwa na wanataaluma wa vyuo vyote, na hakuna profesa mmoja anayeamua peke yake. Sasa kishoka wako wa Sinza, huyo dalali anayetaka laki tano, amemshika nani: Mreno, Mholanzi au Mjerumani? Au amewashika wote watatu kwa laki tano, na chenji ikabaki?

Halafu kuna kanuni ambayo vishoka hawaitaji kamwe. Katika mradi mzima wa kozi moja, raia wa nchi moja hawatakiwi kupata zaidi ya asilimia 10 ya ufadhili unaotolewa. Kishoka anayewakusanya Watanzania ukumbi mzima na kuwaahidi wote kozi ileile anauza viti ambavyo havijatengenezwa. Zaidi ya hapo, anawapanga mgombanie fungu lilelile dogo.

Hapo ndipo naambiwa: "Lakini mwalimu, kuna dada nilisoma naye, alilipa, na sasa yuko Barcelona." Sibishi kwamba yuko Barcelona. Nabisha kwamba kishoka ndiye aliyempeleka. Fikiri kidogo. Anachukua wateja wengi, wote wamehitimu, baadhi wana matokeo mazuri na kazi ya maana nyuma yao. Wachache kati yao watachaguliwa hata kama yeye atalala usingizi mwaka mzima. Hao anawapiga picha uwanja wa ndege na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Waliokosa anawaambia ushindani ulikuwa mkali, warudi mwakani kwa bei ya punguzo. Huyu ni mganga wa mvua anayepokea malipo mwezi Machi, masika yakinyesha anadai sifa. Picha za waliokosa umewahi kuziona?

Kama angekuwa anakula pesa tu, ningenyamaza. Pesa ni zenu. Shida ni kwamba anaharibu maombi ambayo yangeweza kupita.

Anaanza na barua ya motisha. Kishoka ana barua moja, anabadilisha jina lako na jina la kozi. Barua hiyo huanzia utotoni, inapita kwenye ndoto ya kuisaidia jamii, na kuishia kwenye sifa za Ulaya. Wanaochagua wanaujua vizuri ukoo wa barua hizo. Wanachotaka kujua ni kwa nini umeichagua njia hii: kwa nini chuo hiki kwanza na kile baadaye, umekwisha kufanya nini, na tasnifu yako itajibu swali gani. Kijana aliyewahi kupima kina cha maji kwenye visima vya Makutupora, vinavyoinywesha Dodoma, ana la kuwaambia watu wa Lisbon na Delft. Kishoka hana, na hata angekuwa nalo, halitakuwa lako siku utakapoitwa kwenye usaili wa video.

Kisha anafungua akaunti ya maombi kwa baruapepe yake na neno la siri analolijua yeye. Majibu yakitoka, yanakwenda kwake. Aliyechaguliwa hupewa muda mfupi wa kukubali. Akikaa kimya, nafasi inahamia kwa aliye kwenye orodha ya akiba. Ukichelewa kumalizia deni, kishoka anayo silaha mkononi, na umempa mwenyewe.

La hatari kuliko yote ni barua za mapendekezo. Miungano mingi humwandikia mhadhiri wako moja kwa moja, kwa anwani ya chuo anachofundisha. Kishoka anayeona kumtafuta mhadhiri ni usumbufu hufungua baruapepe ya bure kwa jina lake na kujijibu mwenyewe. Hapo umetoka kwenye uvivu ukaingia kwenye kughushi. Likigundulika, maombi yanatupwa, na jina lililo juu ya fomu ni lako.

Mchezo mwingine ni ule wa "Hongera, umechaguliwa!" Muungano unaweza kumpa mtu udahili bila ufadhili, yaani karibu usome, ada na matumizi ujitegemee. Kishoka anakuonyesha barua yenye nembo, anadai malipo ya mwisho, anatoweka. Soma barua yote. Kama haitaji ufadhili waziwazi, huna ufadhili.

Na msinunue taarifa za benki za kubuni kwa ajili ya viza. Ufadhili huu ni euro 1,400 kwa mwezi, usiozidi miezi 24, na ada hulipi. Hiyo ni euro 16,800 kwa mwaka. Ujerumani, tangu Septemba 2024, imekuwa ikimtaka mwanafunzi wa kawaida aonyeshe euro 11,904 kwa mwaka. Barua halali ya ufadhili inatosha kujieleza. Karatasi ya kughushi itakunyima hata kile ulichokwisha kupata.

Sasa mambo ya kufanya, haraka haraka, maana yote yako wazi kwa anayesoma.

Fungua katalogi ya Erasmus Mundus kwenye tovuti ya EACEA. Ni bure. Chagua kwa masomo, achana na kuchagua kwa uzuri wa miji. Usiishie kwenye majina makubwa: EMMIR, kozi ya uhamiaji inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oldenburg, imekuwa na mshirika jirani kabisa, Chuo Kikuu cha Mbarara nchini Uganda. Ile kanuni ya kutoomba kozi zaidi ya tatu kwa mwaka ilishaondolewa, lakini maombi manne yaliyofikiriwa yanashinda kumi na tano ya kunakili. Umri hauna kikomo. Aliye mwaka wa mwisho anaweza kuomba, mradi ahitimu kabla ya kozi kuanza. Aliyewahi kupata ufadhili huu haupati tena.

Madirisha mengi hufunguka kuanzia Oktoba na kufungwa kati ya Desemba na Februari. Kwa hiyo Agosti tafuta matokeo rasmi ya chuo na pasipoti, Septemba zungumza na wahadhiri wako. Usimwombe mhadhiri barua siku mbili kabla ya dirisha kufungwa halafu ukamlaumu kwa kuandika mistari mitatu. Kuhusu Kiingereza, baadhi ya kozi hukubali uthibitisho kwamba shahada ya kwanza ulisoma kwa lugha hiyo, nyingine hudai mtihani wa IELTS; soma masharti ya kila kozi.

Ukipata, kumbuka nauli, viza na kodi ya nyumba vyote vinatoka kwenye zile 1,400, na mara nyingi fedha za kwanza huingia ukishafika. Tafuta pesa ya tiketi ya kwanza mapema. Viza omba ya nchi unayoanzia. Kama ni Austria au Ugiriki, ubalozi wa kuutafuta uko Nairobi. Kuhamia nchi ya pili kumerahisishwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2016, inayomruhusu mwanafunzi wa programu za namna hii kusoma nchi nyingine hadi siku 360 kwa kibali cha nchi ya kwanza. Denmark na Ireland hazimo, na nchi nyingine hutaka zijulishwe kwanza. Uliza ofisi ya kozi kabla hujafunga mabegi.

Kama kuhamahama hakukufai, una watoto au una kazi ya kurudia, DAAD ya Ujerumani, VLIR-UOS ya Ubelgiji na Chevening ya Uingereza hufadhili uzamili wa nchi moja, na huko pia huhitaji dalali. Mwisho, popote uendapo, omba matokeo rasmi ya kila chuo ulichopita kabla hujaondoka mjini. Ukirudi na cheti cha pamoja au vyeti viwili, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, au mwenzake wa Kenya, CUE, watataka kujua ulisoma nini na wapi, na kuandikia chuo cha Ulaya ukiwa Mbagala ni kazi ndefu.