Sarafu ya mazingaombwe: ipi imfae anayeanza, na ipi tuiogope



Mwezi uliopita nilikwenda Kisumu kumjulia hali dada yangu, ambaye ameolewa huko na anaishi mtaa wa Obunga. Kwa wasioujua, Obunga ni mtaa wa nyumba za mabati na udongo, karibu na viwanda, na sifa yake kubwa ni mgongo wazi: ule mfupa wa mbuta unaobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa, ambao akina mama wa mtaa huukaanga na kuuza. Mbuta ndiye samaki ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara.

Jioni moja tumekaa nje, mpwa wangu wa miaka 15 akanijia na sarafu ya shilingi kumi. "Mjomba, hebu rusha. Ikianguka nembo nimeshinda mimi, ikianguka simba umeshinda wewe." Nikarusha mara nne, na mara zote nne ilianguka nembo. Nikaishika, nikaigeuza. Ilikuwa na nembo ya taifa pande zote mbili. Fundi mmoja alisaga sarafu mbili, akazigandisha pamoja.

"Umeitumia wapi hii?" nikamuuliza. Akacheka kwanza, halafu akanyamaza. Alikuwa ameshachukua shilingi 60 kutoka kwa watoto wenzake.

Mama yake alikuwa na wasiwasi mwengine kabisa. "Kaka, mwambie mpwao aache uchawi. Majirani washaanza kusema ana jini."

Nikawaambia wote wawili kwamba kila mmoja anaogopa kitu kisicho chake. Mama aliogopa jini, na jini halikuwepo. Mtoto hakuogopa chochote, na wizi ulikuwepo. Kijana akaniomba basi nimwelekeze sarafu ipi ya halali aanze nayo. Nilimjibu pale pale, na naandika jibu hilo hapa kwa sababu najua Mombasa, Malindi na Lamu wapo vijana wengi wanaotazama mambo haya kwenye simu na kutaka kuyajaribu.

Mazingaombwe si miujiza. Ni kiinimacho: mkono, maneno, na wakati mwengine kifaa kilichotengenezwa makusudi. Wengi wetu tuliyaona shule ya msingi, pale mtu alipokuja na sanduku lake, tukatoa shilingi zetu na kukaa chini kumtazama. Kuhusu hukumu yake katika dini, muulize sheikh wako; mimi nilisomea stashahada ya uhasibu tu. Ninachoweza kukueleza ni namna vifaa vyenyewe vinavyofanya kazi.

Sarafu za mazingaombwe ziko za aina nyingi, lakini kwa anayeanza nne zinatosha kuzijua.

Ya kwanza ni sarafu ya sura moja pande zote, kama ile ya mpwa wangu. Ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo mbaya kuliko zote. Haikufundishi chochote, maana mkono wako haufanyi kazi yoyote. Na matumizi yake yanayomjia mtu haraka ni kuweka dau. Mzazi ukiishuku sarafu, igeuze pande zote mbili, kisha iangushe juu ya saruji. Sarafu nzima hulia. Iliyounganishwa mara nyingi hutoa sauti butu.

Ya pili ni sarafu ya kukunjika. Hukatwa vipande, ikafungwa kwa mpira mwembamba unaopita ukingoni, ili ikunjwe, ipite kwenye mdomo wa chupa, kisha ijifungue ndani. Jamaa yake ni ile "inayong'atwa", ambayo Mmarekani David Blaine aliivumisha kwenye televisheni mwaka 1997. Inavutia sana, lakini kwa anayeanza siipendekezi. Mpira hukatika katikati ya mchezo, na mtazamaji akiomba kuishika umeumbuka. Tena kitu chenye vipande vidogo, kinachotiwa mdomoni, hakifai katika nyumba yenye watoto.

Ya tatu ni ganda. Hii ni sarafu iliyochongwa ndani kwa mashine ikabaki upande mmoja na ukingo, kama kifuniko. Lile lililotanuliwa kidogo linaivaa sarafu ya kawaida barabara. Ukiliweka juu, mtu anaona sarafu moja. Ukiliteleza pembeni, zimekuwa mbili. Kwa maoni yangu, kama ni lazima ununue kifaa kimoja, nunua ganda. Linatumika katika michezo mingi, na linakulazimisha ujifunze kushika sarafu vizuri.

Ya nne inatumia sumaku. Hapa sisi Wakenya tuna bahati. Sarafu yetu ya shilingi moja ni ya chuma kilichopakwa nikeli, kwa hivyo sumaku inaishika. Jaribu mwenyewe. Maana yake ni kwamba huhitaji sarafu ya kununua. Unahitaji sumaku ndogo iliyofichwa na shilingi yoyote ya dukani, ambayo mtazamaji anaweza kukupa yeye mwenyewe na kuikagua atakavyo. Ila sumaku hizo ndogo ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza mbili, huvutana ndani ya utumbo na kuubana, na hilo ni jambo la hospitali.

Baada ya aina, kuna suala la ukubwa na kujulikana. Wanamazingaombwe wengi duniani hutumia nusu dola ya Marekani, yenye upana wa milimita 30.6, kwa sababu inaonekana kwa mbali na inakaa vizuri kiganjani. Maganda mengi yanayouzwa ni ya sarafu hiyo. Tatizo ni kwamba ukiitoa Obunga au Kongowea, swali la kwanza ni "Hii ya wapi?" Mtu ambaye hajawahi kuiona ataishuku kabla hujaanza. Sarafu ambayo watu wanaijua ndiyo inayowashangaza.

Basi si tuchonge zetu? Hapana. Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina sehemu nzima juu ya makosa ya sarafu, na kuipunguza uzito sarafu inayotumika kwa nia ya kuipitisha tena kama pesa halali ni kosa kubwa. Usimpelekee fundi shilingi ya Benki Kuu akuchongee, halafu ikaingia dukani kwa bahati mbaya, ukaanza kueleza polisi habari za mazingaombwe.

Njia ya kati ipo, nayo imo ndani ya makopo ya bibi zetu. Senti kumi ya zamani ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, ukubwa wake unakaribiana na nusu dola. Iliacha kutumika zamani, wazee wanaikumbuka, na tundu lake tayari ni kifaa: uzi unapita, ncha mbili zinashikwa na mtazamaji, na sarafu inatoka. Siri yake sitaitoa hapa, lakini haihitaji kukata wala kuchonga. Inahitaji sarafu mbili zinazofanana, uzi na leso.

Na kabla ya yote hayo, anza na sarafu ya kawaida. Mwezi mzima. Jifunze kuificha kiganjani mkono ukiwa umelegea, na kujifanya umeihamisha hali haikutoka. Kitabu cha J. B. Bobo, Modern Coin Magic, kilichotoka mwaka 1952, bado kinatumiwa na wanaojifunza, na sehemu kubwa ya yaliyomo hufanywa kwa sarafu zisizo na hila yoyote. Aliyekimbilia kifaa kabla ya mkono, kifaa kikipotea naye kwisha.

Sasa nirudi kwenye lile lililonikosesha usingizi usiku ule. Ganda linageuza sarafu moja kuwa mbili. Tafakari hilo. Ndilo lile lile wanalotuonyesha matapeli wa kuzidisha pesa: noti yako moja mbele ya macho yako inazaa ya pili, unaambiwa lete elfu hamsini uone maajabu. Ndiyo pata potea ya stendi, ambapo wa kwanza kushinda ni mwenzao. Mimi mwenyewe nikiwa kijana niliacha nauli yangu yote kwenye pata potea, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani. Tofauti ya mazingaombwe na utapeli haimo katika sarafu. Imo katika kile mtazamaji anachoambiwa, na pesa ni ya nani ikiisha.

Historia nayo ina fundisho. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria mwanamazingaombwe wake mashuhuri, Robert-Houdin, ili awaonyeshe Waislamu wa huko kwamba Wafaransa wana nguvu kuliko viongozi wao wa dini. Alikuwa na kasha dogo ambalo mtoto angeweza kulinyanyua. Akamwita mwanamume mwenye misuli, akamwambia amemnyang'anya nguvu, na yule bwana akashindwa kulitikisa. Chini ya sakafu kulikuwa na sumaku ya umeme. Hila ile ile ambayo kijana wa Obunga ataifanya kwa shilingi moja ilitumiwa kutisha watu waliotawaliwa. Aliyeijua sumaku asingetishika.

Kwa hivyo mpwa wangu nilimwekea masharti manne. Asiweke dau hata la shilingi moja. Asidai ana nguvu za aina yoyote. Akiulizwa, aseme ni kiinimacho. Na pesa ya mtu irudi mkononi mwa mwenyewe mchezo ukiisha.

Kesho yake asubuhi tulizunguka naye mtaani akirudisha zile shilingi 60, nyumba kwa nyumba. Shilingi kumi zilikuwa za mtoto aliyekwenda shule, tukamwachia mama yake. Ile sarafu ya nembo mbili tuliipondaponda kwa nyundo.

Kabla sijapanda basi la kurudi Mombasa, alinionyesha wa shilingi moja na sumaku, mbele ya mama yake. Dada akacheka, halafu akamwambia, "Nionyeshe mkono." Akaufungua. Akamwonyesha sumaku, namna ilivyokaa, na kwa nini inashika. Dada alijaribu mara tatu, ikamwanguka mara tatu. Habari za jini sijazisikia tena.