Tuzo na Ubora wa Filamu: Mfano wa "Makala"

Je, tuzo ni kipimo cha kuaminika cha ubora wa filamu? Mwaka 2017, "Makala", filamu ya Mfaransa Emmanuel Gras, ilipata Tuzo Kuu ya Wiki ya Wahakiki mjini Cannes. Inamfuata mchoma makaa wa Kongo anayesukuma baiskeli iliyosheheni magunia hadi Kolwezi. Mazungumzo yake mengi ni ya Kiswahili.

Jina lenyewe ni funzo. Msomaji wa Kiswahili sanifu aweza kudhani ni makala ya gazeti. Mkazi wa Munigi, kaskazini ya Goma, hutambua mara moja makaa ya kupikia. Mwamuzi asiyejua lugha hiyo hutegemea tafsiri iandikwayo chini ya picha. Aweza kupima picha, sauti na mpangilio wa matukio. Lakini lafudhi, utani na namna watu wanavyoitana kwa heshima humpita.

Kwa hiyo tuzo ni ushahidi wa kweli, ila wa upande mmoja: huthibitisha kile ambacho waamuzi waliweza kukipima. Kuhusu usemi, hukumu hubaki pungufu hadi wenye lugha nao wahakiki.