Skonzi za Mpanda Hazidai Jiko la Umeme

Wako watu mjini Mpanda wanaoamini kwamba kuoka ni kazi ya wenye majiko ya umeme, na kwamba keki, skonzi na pudini ni vyakula vya harusi, vya hoteli, au vya ndugu waliokwisha kuhamia Dar es Salaam. Imani hiyo inawagharimu. Kila asubuhi, kabla watoto hawajakwenda shule, fedha hutoka mfukoni kununua skonzi ambazo zingeokwa nyumbani juu ya jiko lile lile lililochemsha chai. Na mkate uliokauka tangu juzi hutupiwa kuku. Yafaa jambo hili litazamwe upya, maana vyakula hivi vya Kiingereza havikuzaliwa katika majumba ya matajiri.

Skonzi zilianzia Uskochi. Hapo kale ulikuwa mkate bapa wa shayiri, uliopikwa juu ya bamba la chuma lililowekwa motoni, kisha ukageuzwa upande wa pili. Oveni haikuwako. Bamba hilo halina tofauti kubwa na chuma chetu cha chapati. Huko Cornwall na Ireland, wanavijiji walioka mikate yao ndani ya chungu cha chuma, makaa yakiwekwa chini na mengine yakipaliwa juu ya kifuniko. Mama wa pwani yetu anayepika mkate wa kumimina kwa moto wa juu na chini angeelewana na bibi wa Cornwall bila mkalimani.

Hata bekingi pauda, ambayo siku hizi huumua keki na skonzi duniani kote, ilitokana na shida ya nyumbani. Mkemia wa Birmingham aitwaye Alfred Bird alikuwa na mke, Elizabeth, ambaye tumbo lake halikupatana na hamira wala mayai. Mwaka 1837 Bird alimtengenezea kastadi isiyo na yai, na mwaka 1843 akamtengenezea unga wa kuumulia mkate bila hamira. Ile kastadi ya njano inayouzwa madukani kama kitu cha anasa, asili yake ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na harufu ya vanila. Mkulima wa mahindi wa Katavi anayeinunua kwa bei ya juu ananunua jamaa ya zao lake mwenyewe.

Mapishi haya yalifikaje Mpanda? Jibu limo katika reli na madini. Madini ya risasi yalipogunduliwa katika eneo hili, serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli kutoka Kaliua, urefu wake kiasi cha kilomita 210, nalo likafunguliwa mwaka 1950. Treni zilichukua madini kwenda pwani, na zikirudi zilileta unga wa ngano, sukari, chai na makopo. Mgodi ulikuwa umekwisha kufungwa wakati nchi ilipopata uhuru mwaka 1961. Reli ikabaki, na jamii ya unga ikabaki nayo.

Jambo moja hapa husahauliwa. Katika nyumba za Wazungu nchini Tanganyika, wapishi kwa kawaida walikuwa wanaume wa Kiafrika. Watu wazima wenye watoto wao waliitwa "boi", na wao ndio walioshika kijiko cha kuchanganyia, wakajua unga wa skonzi ukandwe kiasi gani na pudini itolewe lini. Ujuzi huo ulipotoka jikoni kwa bwana ulifika mitaani na katika viwanda vya mikate. Baba wa leo anayesema kwamba mwanamume haingii jikoni huenda ni mjukuu wa mwokaji hodari.

Hata hivyo, ngano ina tabia ya kutuacha wakati tunapoihitaji. Wakati wa ukame wa mwaka 1974 na 1975 taifa lilitumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka nje, na kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 iliwahimiza wananchi kulima na kula vyakula bora vya mahali pao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 unga wa ngano na sukari viliadimika, watu wakapanga foleni madukani kwa saa nyingi. Mwaka 2022 vita vya Urusi na Ukraine vilipandisha tena bei ya ngano, kwa kuwa Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya ngano inayoitumia. Kila mara nyumba iliyojua kuoka kwa ngano tupu ilikwama, na ile iliyojua kuchanganya ikaendelea.

Kuchanganya kuna kanuni yake. Ngano ina kitu kinachovutika kama mpira, kinachoishika hewa na kuuinua mkate. Muhogo hauna kitu hicho. Kwa hiyo katika mkate wa hamira unga wa muhogo usizidi sehemu moja kwa nne za ngano. Skonzi za bekingi pauda zina uvumilivu zaidi, nazo hupokea sehemu moja kwa tatu bila kugoma. Muhogo uwe ulioandaliwa sawasawa: ule mchungu una sumu, na ni lazima uvundikwe na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa.

Kwa skonzi kumi hivi, chukua robo kilo ya unga uliochanganywa, vijiko vitatu vya chai vya bekingi pauda na chumvi kidogo, uvichekeche pamoja. Tia vijiko vinne vya kulia vya siagi au majarini, uvisugue kwa ncha za vidole mpaka unga ufanane na chenga za mkate. Sukari si lazima. Katavi ni nchi ya asali, na kijiko kimoja kikubwa cha asali ya Inyonga, kilichokorogwa katika robo tatu ya kikombe cha maziwa, kinatosha. Mimina maziwa hayo polepole, ukusanye unga kwa mkono mwepesi. Usiukande kama wa chapati! Hapo ndipo wengi huharibu, maana unga wa skonzi ukikandwa sana hutoa mawe. Utandaze unene wa vidole viwili, ukate kwa kinywa cha glasi.

Sasa moto. Sufuria nene na kavu huwekwa juu ya jiko la mkaa, ndani yake hutiwa mchanga mkavu au vijiwe vitatu, na kifuniko bapa huwekewa makaa. Baada ya dakika kumi ndani huwa tayari. Bati lenye skonzi hutuliwa juu ya mchanga na kufunikwa. Makaa ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi. Dakika 15 mpaka 20 zinatosha. Kazi hii ifanyiwe uani au mahali penye hewa, kwa sababu mkaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, inayoweza kuua watu ndani ya chumba kilichofungwa.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Misitu ya miombo inayotupa asali ndiyo hiyo hiyo inayochomwa mkaa, kwa hiyo mwenye jiko la gesi asione kwamba amenyimwa skonzi. Na arudi Uskochi: atandaze unga wake mwembamba zaidi, akate pembe tatu, auweke juu ya chuma cha chapati kwa moto mdogo, na augeuze baada ya dakika tano au sita.

Ule mkate wa juzi nao una kazi. Pudini ya mkate ni uvumbuzi wa majiko ya Kiingereza ambayo hayakutaka kutupa kitu. Vipande vikavu hupakwa siagi kidogo, hupangwa katika bakuli la bati, humwagiwa vikombe viwili vya maziwa yaliyopigwa na mayai mawili na asali, huachwa nusu saa vinywe maziwa, kisha huokwa katika sufuria ile ile mpaka juu pageuke rangi ya dhahabu. Zabibu kavu ni ghali. Ndizi mbivu iliyokatwakatwa yafaa zaidi, nami naiona tamu kuliko zabibu. Pudini ya mchele ni rahisi hata zaidi: konzi mbili za mchele mfupi uliovunjika, ule unaouzwa kwa bei ya chini, huchemshwa polepole ndani ya lita moja ya maziwa. Watu wa pwani, wenye wali wao wa maziwa, hawatahitaji kufundishwa.

Limebaki pai, nalo lawahusu hasa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa wilaya zetu. Wachimbaji wa Cornwall walikwenda shimoni na pai ya nyama, viazi na vitunguu iliyokunjwa na kufinywa ukingoni, na walipohamia migodi ya Hidalgo nchini Mexico katika karne ya 19 waliipeleka huko, ambako huliwa mpaka leo. Ni sambusa kubwa isiyokaangwa. Nyama ikikosekana, maharage yaliyopondwa na kitunguu hujaza mahali pake. Pai ifungwe katika kitambaa safi ikiwa imekwisha kupoa kabisa. Ikifungwa ya moto, mvuke hulainisha ganda na kilichomo ndani huchacha kabla mchimbaji hajapanda juu kula.